TUNAHESABU RISASI: JE, MAJI YA TANGI NANI ANAYAHESABU?

Katika ghala la silaha haitoki risasi hata moja pasipo kuandikwa. Mwenye kuitoa hutia sahihi, mwenye kuipokea hutia sahihi, na afisa wa zamu hulikagua daftari kabla ya jua kuchwa. Hayo ni mazoea mema, nayo yamejengwa kwa miaka mingi ya nidhamu. Lakini ukizunguka nyuma ya jiko la kambi hiyo hiyo waweza kulikuta tangi la maji ambalo hakuna aijuaye hesabu yake. Maji yamo au hayamo, jibu hupatikana siku bomba linapotoa hewa badala ya maji. Ukienda hatua chache mbele utaliona karo la maji machafu, nalo halina mwenyewe mpaka siku litakapofurika.

Makala haya yanakusudia kuwaeleza askari wa jeshi na wa polisi, hasa wale walio katika vituo vidogo vya milimani na mipakani, jinsi ya kupima maji safi yaliyobaki na uchafu uliokusanyika, na kwa nini kazi hiyo ni sehemu ya ulinzi wenyewe. Haihitaji mtambo wa gharama. Inahitaji fimbo mbili, kamba, daftari, na mtu aliyepewa jukumu kwa jina lake.

MARADHI NI ADUI WA ZAMANI

Hapana budi tuanze na historia, kwa maana asiyejua alikotoka adui hawezi kujua atakakopitia. Katika Vita vya Crimea, vilivyopiganwa kuanzia mwaka 1853 hadi 1856, wanajeshi wa Uingereza waliokufa kwa maradhi walikuwa wengi zaidi kuliko waliokufa kwa silaha za adui. Katika hospitali yao ya Scutari, karibu na Istanbul, majeruhi walikuwa wamelazwa juu ya mifereji ya uchafu iliyoziba. Mnamo Machi 1855 iliwasili tume ya afya, ikaizibua mifereji hiyo na kuyasafisha maji ya kunywa, na katika miezi iliyofuata vifo vikapungua sana.

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki yalitokea makubwa kuliko hayo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, tangu 1914 hadi 1918, Waingereza waliwakusanya wapagazi kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na kwingineko wabebe chakula na risasi za majeshi. Makumi ya maelfu ya watu hao hawakurudi makwao, na wengi wao waliuawa na kuhara damu, malaria na njaa. Majina ya Kariakoo mjini Dar es Salaam na Kariokor mjini Nairobi ni kumbukumbu ya kikosi hicho cha wapagazi. Mzee aliyebeba sanduku la risasi kichwani kwa mamia ya maili aliangushwa na kikombe cha maji.

Na tusidhani kwamba hayo ni mambo ya kale tu. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi wa Kinyarwanda wapatao laki kadhaa waliingia Goma, mji ulio ng'ambo ya mpaka wetu, kusini ya Bwera. Ardhi ya pale ni mwamba wa volkeno, hata vyoo havikuweza kuchimbwa kwa urahisi. Katika juma la kwanza maji yaliyosafishwa hayakufika hata robo lita kwa mtu mmoja kwa siku. Kipindupindu kikaingia, kisha kuhara damu kukafuata, na katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000. Mambo mawili yalikuwa yamekosekana pale, nayo ni maji safi yenye kipimo na mahali pa kuuweka uchafu.

MALIBA NA BWERA

Wilaya ya Kasese haina ukame wa kuogopesha. Gombolola ya Maliba iko chini ya milima ya Rwenzori, na mito ya milima hiyo, kama vile Mubuku, Sebwe, Nyamwamba, Nyamughasana na Lhubiriha, hushuka kwa kasi kuelekea nyanda za chini. Askari mgeni anayefika huko na kuusikia mto ukinguruma bondeni hudhani kwamba maji si jambo la kumshughulisha. Dhana hiyo ni kosa, kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni mwinuko. Kituo cha ulinzi huwekwa juu ili kione mbali, bali mto hupita chini. Kila lita inayonyweka kilimani imepandishwa kwa lori, kwa bomba la mserereko lililotoka kwenye chanzo cha juu zaidi, au kwa mabega ya watu. Lita moja ni kilo moja. Jerikeni ya lita 20 ni kilo 20, na anayeipandisha mlimani anajua thamani yake.

Sababu ya pili ni mafuriko. Mnamo Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika na kuleta hasara kubwa Kilembe na Kasese. Mnamo Mei 2020 mito ya wilaya hiyo ilivunja kingo zake tena, hospitali ya Kilembe ikaharibiwa, na maelfu ya wananchi wakayahama makazi yao. Mafuriko ya namna hiyo hukata mabomba, huzoa vyoo, na huyageuza maji ya mto kuwa tope. Siku hiyo maji pekee ya kutegemewa ni yale yaliyomo ndani ya tangi, na asiyejua kiasi chake hawezi kujua atasimama siku ngapi.

Sababu ya tatu ni maradhi yavukayo mipaka. Kipindupindu kimeipiga Kasese zaidi ya mara moja. Katika mlipuko wa mwaka 1994 Goma ilikuwa jirani. Katika mlipuko wa katikati ya mwaka 2015 uchunguzi uliofanyika ndani ya Kasese yenyewe ulionyesha kwamba chanzo kilikuwa mahali pa kuchotea maji kando ya ziwa, palipochafuliwa. Tena, mwezi wa Juni 2019, Ebola iliyokuwa ikiwaka Kivu ya Kaskazini ilivuka mpaka. Mtoto wa miaka mitano alipelekwa na jamaa zake katika hospitali ya Kagando, akahamishiwa kituo cha matibabu cha Bwera, akafariki. Na wawili wa jamaa yake wakamfuata. Maradhi hayakuenea zaidi ndani ya Uganda katika mkasa ule, na moja ya ngao zilizotumika katika mpaka wa Mpondwe ilikuwa ni ndoo na matangi ya kunawia mikono yenye maji ya klorini. Askari polisi aliyesimama pale na mtumishi wa afya walikuwa na kazi moja. Tangi la kunawia likikauka saa nne ya asubuhi siku ya soko, hilo ni lango lililoachwa bila mlinzi.

FUNZO KUTOKA KWA GARI-NYUMBA

Wako watalii wasafirio kwa magari yenye vitanda, jiko na choo ndani yake. Gari la namna hiyo ni nyumba iliyowekwa juu ya magurudumu, nalo lina funzo kwetu. Chini ya sakafu yake mna matangi matatu. La kwanza ni la maji safi. La pili ni la maji yaliyokwisha kuogea na kuoshea vyombo. La tatu ni la choo. Dereva mwenye busara huyatazama matangi yote matatu kila siku kabla ya kuondoka, kwa maana anajua kwamba kila lita inayotoka katika tangi la kwanza itakwenda ama katika la pili ama katika la tatu. Tangi la kwanza likiwa tupu atapata kiu. Tangi la pili au la tatu likijaa, uchafu utamrudia ndani ya chumba anacholala.

Kambi ya askari thelathini au arobaini ni kama gari-nyumba lililoegeshwa. Maji huingia kwa upande mmoja na kutoka kwa upande mwingine. Wahandisi hukadiria kwamba karibu sehemu nne katika tano za maji yanayotumika nyumbani hurudi kama maji machafu. Maana yake, kamanda aliyeomba boza la lita 10,000 ameomba pia lita 8,000 hivi za maji machafu. Asipojua zitakwenda wapi, zitachagua njia yake zenyewe, nayo itakuwa ya mteremko kuelekea kwa wananchi.

TANGI LILILOSIMAMA

Tangi la mviringo lililosimama wima ndilo rahisi kulipima, kwa kuwa upana wake ni ule ule kutoka chini hadi juu. Chukua kipimo cha upana wa ndani kwa mita, kigawe kwa mbili, zidisha jawabu kwa jawabu lenyewe, kisha zidisha kwa 3.14. Hapo umepata eneo la kitako. Kwa mfano, tangi lenye upana wa mita 2 lina eneo la mita za mraba 3.14. Kila sentimeta moja ya kina cha maji ndani ya tangi hilo ni lita 31.4. Ukitumbukiza fimbo ikaloa sentimeta 100, unazo lita 3,140.

Lakini hizo zote si zako. Bomba la kutolea maji halikufungwa kwenye kitako kabisa, na pengine liko sentimeta 5 juu yake. Maji yaliyo chini ya bomba hayatoki, nayo hukusanya matope. Katika tangi la mfano wetu, sentimeta hizo 5 ni lita 157 ambazo zimo ndani ya tangi bali hazimo katika akiba. Mpimaji mwangalifu huziondoa katika hesabu yake tangu siku ya kwanza.

Kadhalika itazamwe kwamba tangi limesimama sawasawa. Katika miteremko kama ya Maliba, tangi lililowekwa juu ya udongo usioshindiliwa huinama baada ya mvua. Fimbo ikitumbukizwa upande wa chini itaonyesha maji mengi, na upande wa juu itaonyesha machache. Dawa yake ni kulijengea tangi kitako imara kilichosawazishwa, na kupimia mahali pale pale kila siku, katikati ya mdomo.

TANGI LILILOLALA

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Tangi la boza, yaani lori la maji, hulala ubavuni. Umbo lake ni la duara kwa upande, kwa hiyo ni jembamba chini, pana katikati, na jembamba tena juu. Fimbo ikionyesha nusu, ni kweli kwamba maji ni nusu. Lakini fimbo ikionyesha robo ya kimo, maji si robo. Ni kama sehemu moja ya tano tu. Na fimbo ikionyesha sehemu moja ya kumi ya kimo, maji ni karibu sehemu moja ya ishirini.

Tuyaweke hayo katika hesabu. Boza la lita 10,000 lenye tangi la mviringo kamili limerudi na fimbo inaonyesha robo. Dereva anaripoti lita 2,500. Kwa kweli amebakiwa na lita 1,950 hivi. Kituo kilichokuwa kikizingojea lita 2,500 kimepungukiwa na lita zaidi ya 500, wala hakuna mwizi aliyeziiba. Fimbo ikionyesha sehemu ya kumi, dereva ataripoti lita 1,000 kumbe zimo 520 tu. Kosa, likilinganishwa na maji yaliyobaki, huzidi kadiri maji yanavyopungua, yaani linakuwa kubwa wakati ule ule ambapo ukweli unahitajika zaidi.

Njia iliyo bora ni kuitia fimbo alama kwa maji yenyewe. Boza likiwa tupu na limeegeshwa mahali sawa, litiwe maji kwa kipimo kinachojulikana, tuseme lita 500 kwa lita 500, na kila mara fimbo itiwe alama pale ilipoloa. Kazi hiyo ni ya nusu siku, na fimbo itakayotoka hapo itasema kweli muda wote wa maisha ya gari hilo. Kila gari liwe na fimbo yake, kwa kuwa maumbo ya matangi hayafanani.

Jambo jingine la boza ni usalama wa barabarani. Tangi lililojaa nusu ni la hatari kuliko lililojaa kabisa au tupu, maana maji hucheza. Gari likikata kona ya mlimani, tani kadhaa za maji hukimbilia upande mmoja na kulivuta gari. Dereva ajue kiasi alichonacho kabla ya kuiteremka barabara ya mlima, apunguze mwendo, na apange safari ili apande akiwa amejaza na ashuke akiwa amemaliza.

VIPIMO HUDANGANYA

Yako matangi yenye boya ndani na uzito nje, vilivyounganishwa kwa kamba. Maji yakipungua boya hushuka, na uzito wa nje hupanda. Kwa hiyo uzito ulio chini kabisa ni dalili ya tangi lililojaa, na ulio juu ni dalili ya tangi tupu. Kuruta asiyeelezwa hayo husoma kinyume. Aidha, kamba hukwama. Ukiuona uzito haukusogea kwa siku mbili ilhali watu wameoga na kupika, usifurahi, bali panda utazame ndani.

Iko pia mipira myeupe inayofungwa ubavuni mwa tangi ili maji yaonekane kwa nje. Kipimo hiki ni kizuri, ila mpira lazima uwe wazi kwa juu, na jua huotesha ukungu wa kijani ndani yake. Ufunikwe kwa kitambaa na kusafishwa mara kwa mara.

Vipimo vya umeme vya magari-nyumba navyo vina udhaifu wake. Vingi hutumia vipande vya chuma vilivyopenya ukuta wa tangi. Maji yakivigusa, taa huwaka. Katika tangi la choo, karatasi na mafuta hunata juu ya vyuma hivyo, na taa ikaendelea kusema "limejaa" hata baada ya tangi kumwagwa. Kwa sababu hiyo viko vipimo vipya vinavyobandikwa nje ya ukuta wa tangi bila kugusa uchafu. Hata hivyo wasafiri wenye uzoefu hawaviamini peke yake. Huhesabu siku, huhesabu watu, na hufunua wakatazama. Mashine humsaidia mlinzi, wala haichukui nafasi yake.

Asiye na kipimo chochote aweza kuligonga tangi la chuma kwa kifundo cha kidole kuanzia juu kushuka chini. Penye hewa pana mlio. Penye maji sauti huzibika. Njia hiyo haitoi hesabu kamili, ila humwokoa mtu na ujinga wa kutojua kabisa.

HESABU YA KICHWA KWA SIKU

Kipimo kinachotumiwa na mashirika ya misaada duniani kwa watu walio katika dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku, kwa kunywa, kupika na usafi. Kwa kunywa peke yake mtu aliyetulia huhitaji lita 2 na nusu hadi 3. Askari anayetembea juani na mzigo huhitaji nyingi zaidi ya hizo.

Tuchukue kituo cha askari 40. Kwa lita 15 kila mmoja, siku moja ni lita 600. Katika tangi letu la upana wa mita 2, hizo ni sentimeta 19 za fimbo. Basi fimbo ikishuka sentimeta 19 kwa siku, mambo ni sawa. Ikishuka 30, ama pana uvujaji, ama pana ubadhirifu, ama maji yanatolewa bila idhini.

Uvujaji hugunduliwa usiku. Pima baada ya mabomba kufungwa, kisha pima tena kabla ya paredi ya alfajiri. Sentimeta 2 zilizopotea ilhali watu wamelala ni lita 63. Hiyo ni haki ya siku nzima ya askari wanne, imekwenda ardhini.

Kisha upigwe mstari mwekundu. Ikiwa boza huchukua siku mbili kufika tangu liombwe, ongeza siku moja ya dharura kwa ajili ya barabara iliyokatika au gari lililoharibika. Siku tatu ni lita 1,800, yaani sentimeta 57 na kidogo. Ongeza zile 5 za chini ya bomba. Mstari mwekundu utakuwa kwenye sentimeta 63. Maji yakifika hapo, ombi hutumwa saa hiyo hiyo pasipo kungoja amri nyingine. Anayengoja mpaka bomba likauke amechelewa kwa siku tatu.

Kipimo hiki ndicho pia msingi wa kutia dawa. Klorini hutiwa kulingana na lita. Asiyejua lita zake atatia kidogo, vijidudu vibaki hai, au atatia nyingi, askari wayachukie maji na kwenda kunywa mtoni. Bwana afya hupima kama nusu saa baada ya dawa kutiwa. Inatakiwa ibaki miligramu 0.2 hadi 0.5 za klorini katika kila lita, na maji yawe maangavu. Maji ya matope huimeza dawa kabla haijafanya kazi.

UPANDE WA UCHAFU

Ndugu askari, hapa ndipo watu huziba pua na kupita. Lakini tangi la uchafu lina haki ya kupimwa sawasawa na la maji safi.

Choo cha shimo hupimwa kwa kamba yenye jiwe na mafundo ya kila nusu mita. Uchafu ukifika nusu mita chini ya uso wa ardhi, choo kifungwe, shimo lijazwe udongo na kushindiliwa, na kingine kiwe kimekwisha kuchimbwa. Hesabu ya kawaida ni choo kimoja kwa watu 20. Kwa choo kinachotumiwa kwa muda mrefu, mtu mmoja hukadiriwa kuacha lita 60 hivi kwa mwaka, baada ya maji kunywea ardhini na uchafu kuoza. Shimo la mita moja kwa mita moja lenye kina cha mita 3 lina nafasi ya mita mbili na nusu za ujazo, yaani lita 2,500. Kwa watu 20 ni kama miaka miwili. Katika kambi mpya yenye watu wengi shimo hujaa upesi zaidi, kwa kuwa uchafu haukupata muda wa kuoza. Ndiyo maana kamba ni ya kuaminiwa kuliko kalenda.

Karo la saruji hupimwa kwa mti mrefu uliofungwa kitambaa cheupe. Mti hushushwa mpaka kitakoni, hungojewa dakika chache, kisha hutolewa taratibu. Sehemu iliyogeuka nyeusi ndiyo kimo cha tope lililotuama. Tope likifika theluthi ya kina, wakati wa kuita gari la kunyonya umewadia. Karo ambalo maji yake hupanda baada ya kila mvua linaingiwa na maji ya nje. Na katika miteremko ya Rwenzori, ambako mvua kubwa huja takriban Machi hadi Mei na tena Agosti hadi Novemba, jambo hilo lisingojewe.

Yako makatazo matatu yasiyo na ruhusa. Asiwepo mwenye kuwasha sigara au kibiriti juu ya mdomo wa karo, maana uchafu uozao hutoa gesi iwakayo. Asiwepo mwenye kuingia ndani ya karo au shimo kwa sababu yoyote, hata kumwokoa mwenzake, pasipo vifaa vya kupumulia na kamba ya kumvuta. Gesi ya humo huangusha mtu kwa pumzi chache, na aghalabu mwokoaji hufa pamoja na aliyekwenda kumwokoa. Na fimbo ya maji safi isikutane kamwe na fimbo ya uchafu. Moja ipakwe rangi nyeupe, ioshwe kwa maji ya klorini na kutundikwa ndani ya kifuko chake; nyingine ipakwe nyekundu na kuwekwa mbali. Ikiwezekana, mikono inayozishika isiwe mmoja.

Choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kwenye kisima au chemchemi, na kitako chake kiwe mita moja na nusu au zaidi juu ya maji ya ardhini. Na kisiwe upande wa juu wa chanzo cha wananchi. Kanuni hii ya mwisho ni ya heshima pia. Askari aliye mlimani huyapata maji kwanza, na uchafu wake huwafikia wa chini. Mama anayechota jerikeni yake bondeni hana namna ya kujua karo la kambi limefikia kimo gani. Ameuacha ujuzi huo mikononi mwetu.

DAFTARI NA MWENYEWE

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kituo, kiwe cha jeshi au cha polisi, kiwe na daftari la maji. Kurasa zake ziwe na tarehe, saa, kimo cha maji safi asubuhi na jioni, maji yaliyopokelewa, kimo cha shimo au karo mara moja kwa juma na baada ya kila mvua kubwa, idadi ya watu waliokuwapo, na jina na cheo cha aliyepima. Zamu ikibadilishwa, daftari likabidhiwe pamoja na silaha na funguo.

Katika vizuizi vya barabarani na vituo vya mpakani, tangi la kunawia mikono lipimwe kila saa siku za soko, na ndoo ya kupokelea maji yaliyonawiwa itazamwe pamoja nalo. Ndoo ikifurika, watu watakanyaga maji yale yale waliyoyaacha wagonjwa.

Kamanda anapokagua gwaride la asubuhi, na atembee hatua hamsini zaidi. Aombe daftari la maji, aombe fimbo nyeupe, aitumbukize yeye mwenyewe mbele ya askari, na alinganishe alichokiona na kilichoandikwa. Vikikubaliana, ampongeze aliyepima kwa jina lake mbele ya wenzake. Visipokubaliana, achunguze siku hiyo hiyo, kabla boza halijaondoka mjini na kabla mvua ya jioni haijaanza kunyesha mlimani.